DAWA HIZI NI AKIBA YETU SOTE

Miezi ya baridi katika Nairobi twaijua sote. Tangu Juni mpaka Agosti wingu halitoki juu ya mabati, na mtu wa zamu ya alfajiri hufika kazini mikono imo mfukoni na pua yatiririka. Kikohozi huanza kwa mtu mmoja siku ya Jumatatu, na ikifika Ijumaa gengi zima linakohoa. Siku hizo ukipekua mifuko ya makoti yetu utakuta kitu cha namna moja: bahasha ndogo ya kaki yenye kapsuli nne au sita, iliyonunuliwa katika duka la dawa jana jioni mwenyewe alipokuwa akirudi nyumbani, awe mtu wa Jericho, wa Umoja au wa Kayole. Ukimwuliza ni dawa ya nini, atasema ni ya kifua. Ukimwuliza ni nani aliyemwandikia, atacheka.

Juu ya kapsuli hizo twataka kusema leo. Najua wako watakaouliza, je, chama kimekuwa hospitali? Kazi ya chama si mishahara, nyumba na saa za kazi? Ndiyo, ndugu. Lakini msome mpaka mwisho, nanyi mtaona kwamba kapsuli ile na saa za kazi ni jambo moja.

FUNDI WA TAA HATENGENEZI BREKI

Kwanza tufahamu dawa yenyewe. Magonjwa mengi ya kuambukizana huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na viko vya namna mbili vinavyotuhusu hapa: bakteria na virusi. Dawa ziitwazo antibayotiki, kama penisilini na amoksisilini, huua bakteria tu. Virusi hazivigusi hata kidogo.

Sasa, mafua huletwa na virusi. Homa kali ya mafua, ile inayomlaza mtu na kumvunja mifupa, ni virusi. Korona iliyotufungia nyumbani mwaka wa 2020 ni virusi. Makoo mengi yanayowasha, na vikohozi vingi vya kifua vinavyomshika mtu aliyekuwa mzima, ni virusi vile vile. Kumpa mtu wa mafua antibayotiki ni kama kumwita fundi wa taa aje kutengeneza breki. Fundi ni mzuri, chombo chake ni kizuri, lakini gari litaondoka stesheni bila breki.

Mtu atasema, "Lakini mimi nilizimeza nikapona." Ndugu, ulipona kwa sababu mafua huisha yenyewe, mara nyingi katika juma moja au siku kumi. Kikohozi chake hukawia zaidi, chaweza kwenda majuma mawili hata matatu, na hiyo ni desturi yake. Mtu hununua kapsuli siku ya nne, akapona siku ya nane, akasifu kapsuli. Angekunywa uji wa moto na kulala angepona siku ile ile. Wazee walisema, jogoo awike asiwike, kutakucha.

Wengine huona makamasi yamegeuka rangi ya kijani wakadhani sasa imekuwa kazi ya antibayotiki. Hiyo nayo si dalili ya kutosha. Makamasi ya mafua ya kawaida hugeuka rangi mwili unapopigana, kisha hukauka yenyewe.

BANDU BANDU HUISHA GOGO

Kama dawa hiyo ingekuwa haifai tu, hasara ingekuwa ya shilingi chache. Lakini ina madhara. Yaweza kumharisha mtu, kumtoa vipele, na kwa watu wachache kumfungia pumzi kabisa mwili wao unapoikataa. Na liko dhara kubwa kuliko hayo.

Bakteria ni viumbe hai. Wanapopigwa na dawa kidogo, walio dhaifu hufa, na walio wagumu husalia. Wale wagumu huzaa wagumu wenzao, nao huhama kutoka mtu hata mtu kwa pumzi, kwa mikono na kwa maji. Kila mara tunapomeza antibayotiki bila sababu, bakteria walio mwilini mwetu wanafundishwa vita. Siku ugonjwa wa kweli utakapokuja, dawa ile ile itamezwa na haitafanya kazi. Wataalamu huita jambo hilo usugu wa dawa.

Jambo hilo lilijulikana tangu mwanzo. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming katika hospitali moja ya London mwaka wa 1928. Mwaka wa 1945 alipewa Tuzo ya Nobel, na katika hotuba yake huko Stockholm mwezi wa Desemba alitoa onyo. Alisema wakati utakuja ambapo mtu ye yote ataweza kununua penisilini dukani, na hatari itakuwa kwamba mtu asiyejua atameza kidogo isiyotosha. Akatoa mfano wa mtu mmoja mwenye koo linalouma, anayejinunulia dawa haba, akawafundisha vijidudu vyake kuishinda, kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, akatibiwa kwa penisilini, dawa ikashindwa, akafa. Fleming akauliza ni nani wa kulaumiwa, akajibu mwenyewe kwamba ni mume. Hotuba hiyo sasa ina miaka zaidi ya 70, lakini mtu angedhani mzee yule alipita Eastlands jioni akaona madirisha ya maduka yetu.

Haki yataka tuseme kwamba kijidudu kile cha koo alichotaja bado kinauawa na penisilini hata leo, kwa bahati njema. Lakini vingine vingi havikungoja. Hapa Nairobi, watafiti wa KEMRI walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba homa ya matumbo ilikuwa imezishinda dawa tatu za zamani zilizokuwa zikiitibu kwa bei ndogo. Na kwa nimonia ya watoto, mama walio wazee wanakumbuka jinsi zahanati zilivyotoa Septrin. Dawa hiyo ilipoanza kushindwa mahali pengi, ikabidi iachwe, na mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani likaandika kwamba mtoto wa nimonia apewe amoksisilini. Hiyo amoksisilini, ndugu, ndiyo tunayoichezea kwa mafua.

Wataalamu waliohesabu habari za dunia nzima walikadiria kwamba katika mwaka wa 2019 peke yake watu 1,270,000 hivi walikufa kwa sababu ya bakteria walioshinda dawa. Kati ya sehemu zote za dunia, Afrika ya kusini ya Sahara, na hasa magharibi yake, ndiyo iliyoumia zaidi. Serikali yetu ililiona jambo hilo, ikatoa mpango wa taifa juu yake mwaka wa 2017. Lakini mpango wa karatasi hauwezi kumzuia mtu kuingiza mkono mfukoni.

Tufikiri hivi. Sote twajua mfuko wa chama. Kila mtu hutoa kidogo, na mfuko ni wa siku ya shida: mgomo, msiba, kesi ya mtu aliyefukuzwa kwa dhuluma. Je, ingekuwaje kama kila mwanachama angechota humo kila akitaka soda? Siku ya shida tungefungua sanduku tukakuta vumbi. Antibayotiki ni mfuko wa namna hiyo. Hauna mlinzi ila sisi wenyewe, na mtu mmoja akichota bure, atakayekosa ni mtoto wa mwingine.

HABARI YA MWENZETU

Mwenzetu mmoja, aliyeturuhusu tueleze habari zake bila jina, alikohoa majuma saba. Mara tatu alinunua kapsuli katika duka moja karibu na kwake, na kila mara rangi ilibadilishwa. Mara ya tatu aliambiwa sasa hii ni dawa kali. Kweli akaona nafuu siku chache, akafurahi. Kisha jasho la usiku likaanza, na suruali ikalegea kiunoni. Mjumbe wetu wa kazini ndiye aliyemshika mkono akampeleka kituo cha afya. Makohozi yakapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu.

Kwa majuma hayo saba alikuwa akilala chumba kimoja na mkewe na watoto wawili, na kupanda matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi. Sasa anatumia dawa za kweli, za miezi 6, anazopewa bure, na amerudi kazini. Mtoto wake mdogo naye yuko katika dawa.

Hatumlaumu. Twasema tu kwamba kapsuli zile zilimwibia majuma saba. Na ziko antibayotiki, kama siprofloksasini na levofloksasini, zinazoweza kukituliza kifua kikuu kwa muda bila kukimaliza, hata ugonjwa ukajificha na kuchelewa kutambuliwa. Kwa hiyo mtu ye yote aliyekohoa majuma mawili asiende dukani. Aende akapimwe makohozi. Kipimo hicho hakina malipo katika vituo vya Serikali. Na mtu anayekohoa damu, au kukonda, au kutokwa na jasho la usiku, asingoje hata majuma hayo mawili.

WAKATI DAWA INAPOFAA

Mtu asije akatusikia vibaya akatupa dawa alizoandikiwa. Antibayotiki inapofaa, huokoa maisha, na kuikawiza ni hatari. Nimonia ni ugonjwa wa kuua, hasa kwa watoto. Mama na baba, jifunzeni dalili zake, maana hazihitaji chombo ila saa ya mkononi au simu.

Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, tazama kifua chake, uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka miezi 11, akifikia pumzi 50 au zaidi, anapumua upesi mno. Mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 4, ni pumzi 40 au zaidi. Ukiona hivyo mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu, au amepatwa na degedege, au amelegea mno hata haamki vizuri, usingoje kuche. Mtoto aliye chini ya miezi 2 mwenye homa au taabu ya pumzi aende hospitali upesi, bila kuhesabu sana.

Kwa mtu mzima, pumzi zikiwa fupi, kifua kikichoma anapovuta hewa, homa ikikataa kushuka, au akianza kuchanganyikiwa, hapo si mafua tena. Mtu mwenye pumu, au kisukari, au mzee wetu aliyestaafu, aonwe mapema zaidi. Na mtoto wa shule mwenye koo linalouma sana pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, apelekwe akatazamwe, kwa kuwa koo la bakteria lisipotibiwa laweza kuharibu moyo wake baadaye.

Daktari akikuandikia, meza kwa kiasi alichoandika na kwa siku alizoandika, usipunguze wala usiongeze. Usimgawie jirani, na usiweke masalio kabatini kwa ajili ya baridi ya mwaka ujao. Na asipokuandikia, usiondoke umenuna ukidhani umedharauliwa. Muulize, "Daktari, ni ugonjwa gani huu? Utachukua siku ngapi? Nirudi nikiona nini?" Daktari anayejibu maswali hayo amekutibu.

Kwa mafua ya kawaida, pumzika, kunywa maji na uji, meza parasetamoli kama kichwa kinauma. Asali ni nzuri kwa kikohozi cha mtoto aliyepita mwaka mmoja, lakini aliye chini ya mwaka asipewe asali kabisa. Tena msisahau kuwapeleka watoto chanjo. Chanjo ya kuzuia nimonia ilianza kutolewa kwa watoto wachanga wa Kenya mwaka wa 2011, na kinga ni bora kuliko tiba.

KWA NINI TUNANUNUA?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe la chama. Kwa nini mtu mwenye akili zake apite kituo cha afya aende kununua kapsuli sita? Si ujinga. Kituoni atakaa foleni tangu asubuhi mpaka saa nane, na siku hiyo imekwisha. Kama ni kibarua, siku hiyo haina mshahara. Kama ana kazi ya mwezi, anamwogopa mnyapara atakayesema, "Mafua tu, nawe unalala?" Basi hununua kitu cha kumwezesha kusimama kesho. Kapsuli imekaa mahali pa siku ya kupumzika.

Twasema wazi: hakuna kidonge kinachoweza kuwa badala ya siku ya kupumzika. Na siku hiyo si fadhili ya mtu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mfanyakazi aliyemaliza miezi 2 mfululizo katika kazi ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara wote, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari, na sheria inakubali pia cheti cha mtu anayesimamia zahanati kwa niaba ya daktari. Hiyo ndiyo sakafu. Mapatano ya chama na mwajiri yaweza kuipandisha, hayawezi kuishusha.

Wakubwa wa kazi nao wafikiri. Mtu mmoja anayelazimishwa kuja na homa ataambukiza kumi. Ni hesabu gani hiyo, kuokoa siku moja na kupoteza kumi?

Tena viko vikohozi visivyo na kijidudu cho chote. Anayesaga chuma, anayechomelea, anayeshinda katika moshi wa dizeli, kifua chake kinalia kwa vumbi na moshi. Anaweza kumeza duka zima asipone. Dawa yake ni hewa safi na kifuniko cha pua kinachofaa, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Na hata nyumbani moshi unatufuata. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa taarifa juu ya jaa la takataka la Dandora. Watoto 328 wa karibu na hapo walikuwa wamepimwa, na karibu nusu yao walikutwa na magonjwa ya pumzi. Watoto wa namna hiyo wanahitaji jaa liondolewe. Kapsuli haiwezi kuondoa jaa.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mwanachama aseme nyumbani kwake: hatununui antibayotiki bila cheti, wala hatumsumbui daktari atupe kwa mafua.

Pili, kila mjumbe wa chama ajue kifungu cha 30 kwa moyo. Mwanachama akinyimwa siku ya ugonjwa aliyo na cheti chake, alete habari ofisini siku hiyo hiyo. Na vibarua wasidhani hawahusiki. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 37, yaweza kumgeuza kibarua aliyefanya kazi mfululizo kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Njooni tutazame siku zenu pamoja.

Tatu, twawaomba wenye maduka ya dawa, ambao wengi ni jirani zetu na wapangaji wenzetu, waache kuuza kapsuli nne nne. Twajua na wao wana kodi ya kulipa. Lakini watoto wao wanavuta hewa moja na watoto wetu.

Nne, Serikali ifupishe foleni. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA. Mtu aliyelipa hivyo asikute kituo hakina mtu wa kumsikiliza kifua. Waganga na wauguzi wakitoshana, mtu hatakuwa na sababu ya kukimbilia dirisha la duka.

Ndugu wanachama, wazee waliotutangulia katika kazi ya reli walitupatia haki nyingi kwa kutoa senti zao katika sanduku moja na kuvumilia. Hawakuchota kila walipoona kiu. Nasi tumekabidhiwa akiba nyingine, na watoto wetu wataiuliza. Baridi ya mwaka ujao itakuja, na mafua yatakuja pamoja nayo. Yatukute tumelala nyumbani kwa haki yetu, tumejifunika blanketi, na dawa zetu zingali na nguvu kwa ajili ya yule atakayezihitaji kweli.

Umoja ni nguvu.